Msimu Niliompita Baba Langoni

Kazi yangu ni kutibu ng'ombe. Nimeifanya miaka kumi na sita, nikizunguka mashamba ya Saboti na viunga vya Kitale kwa pikipiki, na katika miaka hiyo mkono wangu umeingia hadi begani ndani ya wanyama wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimetoa ndama waliofia tumboni wakaoza. Nimevuta kondo la nyuma lililokaa siku nne, likitoka vipande vipande, huku mwenye ng'ombe amesimama mbali, kofia puani. Nikimaliza nilikuwa nanawa, nakaribishwa chai na mandazi, nakula. Nilijiona mtu asiye na kinyaa, na waliokuwa nacho niliwacheka.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja nilipoanza triathloni, mchezo wa kuogelea, kisha kuendesha baiskeli, kisha kukimbia, vyote mfululizo bila kupumzika. Kukimbia nilikujua tangu shuleni. Baiskeli niliinunua kwa mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kuogelea nilijifunzia katika bwawa la hoteli moja mjini Kitale, ambalo maji yake yalibadilishwa wageni wakilalamika, na wageni walikuwa wachache. Yalikuwa ya kijani, mazito kama mrenda. Penye ngazi kulikuwa na utelezi ulioshika vidole kama makamasi. Siku moja plasta iliyotoka kwenye kidonda cha mtu ilinigusa ulimi nikivuta pumzi. Niliitema, nikaendelea na mizunguko yangu.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwanzoni hakupinga. Alisema wanaume wa umri wangu hutafuta pombe au wanawake, basi heri baiskeli. Tuna watoto wawili, msichana aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, na mdogo wake wa kiume wa miaka minane. Walinishangilia katika mashindano yangu ya kwanza, mwaka uliotangulia msimu huu ninaousimulia, nilipomaliza karibu na mkia. Nilirudi nyumbani nikijisikia shujaa. Nikaapa mwaka unaofuata nitashindana msimu mzima.

Mwaka huo ukaja na mguu wa Baba.

Baba anaishi Myanga, ng'ambo ya Bungoma, kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na maisha yake yote alikuwa mtu wa viatu vilivyopigwa rangi. Mama alitutoka zamani. Ugonjwa wa sukari Baba alikuwa nao miaka mingi bila kuulalamikia. Mwezi wa kwanza kiatu kipya kilimchubua kisigino, na kidonda kikakataa kupona. Hospitalini walisema kioshwe kwa maji ya chumvi na kufungwa upya kila siku. Dada yangu mkubwa, mwenye duka la vitambaa Bungoma mjini, akachukua siku za wiki. Jumamosi na Jumapili zikawa zangu, kwa sababu kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata akiwa mgonjwa. Mke wangu angeweza kupika na kufua. Kidonda kilikuwa changu.

Jumamosi ya kwanza nilifungua bandeji ile nikiwa na uhakika wa mtu wa kazi. Harufu ikanipanda. Siwezi kuifananisha na ya ng'ombe. Ilikuwa na utamu fulani, kama ndizi iliyosahauliwa kwenye mfuko, na chini ya utamu huo kitu kingine. Ngozi ya mguu ilikuwa imevimba inang'aa, na katikati ya kisigino kulikuwa na shimo lenye kingo nyeupe. Huo ulikuwa mguu wa mtu aliyekuwa ananikemea nikienda kanisani na viatu vyenye vumbi. Nilisema nimesahau mkasi kwenye gari. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya jiko, nikatapika mpaka macho yakatoa machozi.

Baba alikuwa amesikia kila kitu. Niliporudi aliuliza kama yale maziwa niliyokunywa asubuhi yalikuwa yamelala. Nikajibu ndiyo, labda yalikuwa yamelala. Nikamaliza kufunga nikiwa nimegeuza uso, nikipumua kwa mdomo.

Wiki hiyohiyo nilijiandikisha kwa mashindano matano, Eldoret, Kisumu, Nakuru na mengine mawili ya mabwawa ya mashambani karibu na Kitale. Yote yalikuwa ya Jumamosi, na Jumapili baada ya mashindano mtu hawezi hata kushuka ngazi. Dada yangu nilimweleza kwa simu kwamba mwaka huu nina msimu, na ningeomba anisaidie wikendi chache. Akasema sawa, atajaribu. Wikendi chache zikawa zote.

Nataka nieleze vile vitu nilivyovivumilia msimu ule, ili ieleweke. Katika bwawa la kwanza ng'ombe walikuwa wanakunywa upande mmoja na sisi tunaogelea upande mwingine. Mavi yao yalielea. Mimi ndiye mtu pekee pale aliyejua kwa majina minyoo inayokaa katika maji ya namna hiyo, na niliyameza mara tatu au nne. Washindani wengi, na mimi mmoja wao, hukojoa ndani ya suti ya kuogelea ili wasipoteze muda. Suti yangu ilianikwa bafuni kwetu mpaka mke wangu akaitoa nje kwa kijiti, akasema inanuka beberu na haitarudi ndani ya nyumba yake. Siku tatu baada ya bwawa lile, nikifanya mazoezi ya kukimbia, tumbo lilinikamata pale Kamukuywa, siku ya soko. Nilijisaidia nyuma ya ghala la mahindi, nimechuchumaa nimevaa kaptura ya kubana, mama mmoja wa mboga akipita na karai kichwani. Aligeuza uso kwa heshima. Nilijipangusa kwa majani, nikaendelea kukimbia, na jioni nikayasimulia mezani kama kichekesho. Mtoto wa kiume alicheka. Msichana akaweka kijiko chini, akasema ameshiba.

Hayo yote niliyaweza. Nilisema ni ujasiri.

Mke wangu alikuwa ananifuata mashindanoni na watoto, anakaa juani kando ya barabara na ndizi na chupa za maji, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mahali fulani katikati ya msimu aliacha kuja. Alisema watoto wana kazi za shule. Halafu akaniuliza, bila ukali, Baba anaendeleaje. Nikamwambia dada yuko naye.

Kabla ya shindano la nne nililala kwa dada Bungoma, maana nilitaka barabara tambarare ya mazoezi. Asubuhi nikatoka na baiskeli kuelekea Malaba. Barabara hiyo inapita mbele ya lango la Baba. Nilijua hivyo nilipoichagua, na nilikuwa nimejiambia nitasimama nikirudi.

Nilipokaribia nilimwona. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya lango, mguu wenye bandeji umewekwa juu ya stuli, fimbo mapajani. Dada alikuwa amemwambia nitapita. Aliinua fimbo. Nami niliinua mkono mmoja, nikapita. Saa ya mkononi ilikuwa inanionyesha mwendo mzuri kuliko wote wa msimu.

Niligeuza mbele huko, nikarudi. Alikuwa bado yuko pale. Amevuta kiti chake, sijui kwa nguvu zipi, mpaka ukingo wa lami, upande ambao ningepitia. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji. Alikinyoosha, kama alivyoona watu wakifanya kwenye televisheni wakati wa mbio. Niliona maji yakimwagika kidogo. Upepo ulikuwa unatoka upande wake, na nikahisi, au nikadhani nimehisi, ule utamu wa ndizi. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Nilimpita karibu kiasi cha kugusa kikombe, na sikukigusa.

Baadaye jirani alinisimulia kwamba Baba aliwaambia waliokuwa pale, "Huyo ni kijana yangu. Hawezi simama, wakisimama wanapoteza." Alinisimulia kwa sifa. Mimi nikatabasamu, nikamshukuru.

Shindano la tano lilikuwa wiki tatu baadaye, Nakuru. Siku tano kabla, dada akanitumia ujumbe. Alikuwa na homa kali, hawezi kuinuka, nami niende Myanga nikamfunge Baba kidonda mpaka yeye apone. Niliusoma ujumbe huo nikiwa shambani Saboti, glavu bado mkononi. Nikajibu, "Sawa." Nilipiga hesabu kwamba siku chache hazitamwua mtu, kwamba dada hupona haraka, kwamba labda jirani atasaidia. Mke wangu sikumwambia. Jumamosi nikashindana, nikawa wa tatu katika rika langu, nikavishwa medali na kupigwa picha.

Jumapili niliwaambia wote waingie garini, twende Myanga tumwonyeshe Baba medali. Nakumbuka niliimba njiani.

Mke wangu ndiye aliyesita wa kwanza pale mlangoni. Alisimama, akaniangalia, akawashika watoto mabega wasiingie. Baba alikuwa kitandani. Bandeji ilikuwa ileile aliyofungwa na dada kabla ya kuugua, na ilikuwa imebadilika rangi, kahawia na kijani, na inzi walikuwa wamejaa juu yake kama mbegu. Baba aliniambia karibu. Akaniuliza habari za Nakuru.

Nilipokata bandeji, mabuu yakaanguka shukani. Mengine yalikuwa ndani ya shimo la kisigino, yamebanana, yanasogea yote kwa pamoja. Nimewahi kuyaona mabuu hayo mara mia katika vidonda vya ng'ombe, nikayatoa nikipiga soga. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nikaziba pua na mdomo kwa mikono yote miwili, mbele ya baba yangu, naye ananitazama.

Kutoka nje mke wangu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ingekuwa ni ng'ombe ya mtu Saboti, saa hii ungekuwa umemaliza."

Baba akageuza uso wake ukutani. Akasema, "Fanya tu vile unafanyanga ng'ombe. Mimi sitakuangalia."

Nilikwenda garini nikachukua begi langu la kazi, glavu ndefu na koleo dogo. Niliporudi nilimkuta binti yangu ndani. Alikuwa amempita mama yake, ameshika beseni chini ya kisigino cha babu yake, uso wake hauna dalili yoyote. Nilitaka kumwambia atoke, nikaona sina mamlaka hayo. Niliyatoa mabuu moja moja. Nilitapika mara mbili, mara ya pili kwenye beseni lenyewe, na binti yangu akalibadilisha bila neno. Baba hakulalamika maumivu. Mguu ule alikuwa hauhisi tena.

Hospitalini Bungoma, siku mbili baadaye, wakaukata chini ya goti.

Huenda ungekatwa hata kama ningekwenda. Daktari alisema hivyo, na watu huniambia hivyo, nami huwashukuru. Sikupata nafuu yoyote kutokana na maneno hayo. Kilichonichukiza zaidi kilikuja mwezi uliofuata, kanisani Myanga, pale mchungaji aliponisimamisha mbele ya waumini. Alisema vijana waige mfano wangu, daktari mzima aliyeacha michezo yake akaosha vidonda vya baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa safu ya mbele, magongo kando yake, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa anatazama madhabahu. Mke wangu aliinamisha kichwa. Nilisimama pale nikazipokea sifa hizo zote, nikasema amina, na nilikuwa najinukia mwenyewe.

Sasa Jumamosi zangu ni za Myanga. Sijazoea, na sitaki mtu adhani nimezoea. Kila nikifungua bandeji ya lile goti tumbo linapanda, na nimejifunza kutolificha. Baiskeli bado ninayo. Msimu uliofuata nilishindana mara moja tu, nikamaliza vibaya, wala haikuniuma.

Jumamosi moja mwaka huu nilimwambia. Tulikuwa wawili chumbani. Nikasema, "Baba, ule ujumbe wa dada niliusoma. Niliusoma siku hiyohiyo."

"Nilijua," akasema. "Alinionyesha simu. Ulikuwa umeandika sawa."

Nilingoja aongeze. Nilitaka anitukane, au anisamehe, lolote kati ya hayo. Hakufanya hata moja. Alivua soksi ya mguu uliobaki, akaunyoosha kuelekea kwangu, akasema kucha zimekuwa ndefu, zinamkwaruza usiku. Zilikuwa nene, za manjano, zimejikunja kama kwato, na chini yake kulikuwa na uchafu mweusi. Nikaenda kuchemsha maji ya kuzilainisha, nikarudi, nikaketi sakafuni, nikaanza na kidole kidogo.