Machicha Katika Hori la Cheche

Mzee Mikidadi alikuwa na pua iliyomtesa. Angeweza kupita nyuma ya mtu akajua kwamba hajaoga tangu juzi, na hakuficha: alikunja uso, akatema mate pembeni, akaendelea na safari yake. Kwa kazi yake pua hiyo ilikuwa mali. Alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja juu ya mji wa Moshi, na jioni alishuka kwake mjini, kwa watu wa msikitini. Mimi nilitoka Mkuu, Rombo, mwaka wa 1937, nikapewa kazi ya kumkatia farasi majani.

Farasi mwenyewe alikuwa jike, mwekundu, miguu myembamba, na Mikidadi alimwita Cheche. Jani la mgomba likipasuka kwa upepo, aliruka. Kuku akitoka kichakani, aliruka. Ukimvuta kwa nguvu, alisimama kwa miguu ya nyuma. Mikidadi hakumvuta. Aliingia bandani akiongea kwanza, habari za mvua au bei ya nazi, ili asimshtue, ndipo akamwekea mkono begani. Akimpanda aliacha hatamu zilegee, na akimwona anataka kukimbia alimzungusha polepole, mduara mdogo, mpaka hamu imwishe.

Mwenye shamba hakuyajua hayo. Vibarua tulimwita Bwana Harara kwa sababu ya hasira zake. Alivuta lijamu, kile chuma cha kinywani, kwa mikono miwili na papo hapo akampiga farasi kiboko, simama na kimbia kwa wakati mmoja. Mara nyingi Mikidadi alipangusa damu kwenye pembe za kinywa cha Cheche, uso umemkunjamana kama aliyemeza dawa chungu.

"Mtu anakula kwa uma na kisu," aliniambia, "halafu tazama kazi ya mikono yake."

Hata hivyo Cheche alimvumilia, mpaka mwezi wa Machi alipoharibika. Alianza kuuma. Alitoka jasho akiwa amesimama tu bandani, akipiga mbao mateke. Jumatatu moja alimtupa Bwana Harara ndani ya mfereji wa maji. Bwana akainuka na matope mpaka masikioni.

"Mikidadi! Farasi hii shetani! Jumamosi mimi nakwenda mjini. Yeye natupa mimi tena, mimi napiga yeye bunduki. Na wewe nakwenda zako. Nasikia?"

"Nasikia, Bwana."

Nami nilikuwa nimesimama pale na mzigo wangu wa majani, nikijua sababu.

Kwetu mlimani ng'ombe hakai nje. Mnyama unayempenda unamfunga ndani ya nyumba, unamletea kila kitu: majani, mgomba uliokatwakatwa, na siku ya kutengeneza pombe unampa machicha ya mbege, yaani makapi ya ndizi na ulezi yanayobaki baada ya kuchuja. Ng'ombe wa mama yangu alipewa hayo akajaza kibuyu cha maziwa. Basi nilipoziona mbavu za Cheche nilimhurumia. Kwa wiki tatu, kila Mikidadi alipokwisha kushuka mjini, nilileta ndoo ya machicha kutoka kwa Mektrida, mama aliyeuza mbege nyuma ya kambi ya vibarua. Nilimimina ndani ya hori, chombo chake cha kulia, naye akanyonya karibu yote. Asubuhi niliosha hori kabla ya mzee kufika. Aliponiuliza kwa nini Cheche anang'aa vile, nilisema ni majani mapya. Mimi ni mtu wa haya, na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo. Hata Jumatatu ile jioni nilimpa tena, nikiogopa kwamba akikosa atazidi ukali.

Jumanne Mikidadi aliwahi kuliko siku zote. Alimwinua Cheche mdomo, akanusa, akarudi nyuma. Kisha akatia mkono ndani ya hori. Ukatoka na uji wa kijivu, chachu, umejaa maganda ya ulezi na nzi.

"Nini hii?"

Nikaanza kuokota majani yaliyoanguka.

"Leodegar! Nini hii?"

"Machicha, mzee."

"Machicha ya nini?"

"Ya mbege."

Alikimbilia mferejini. Alisugua mkono kwa mchanga na majivu mpaka ukawa mwekundu, kisha akainama akatapika.

"Tangu nizaliwe sijagusa pombe," alisema. "Leo natoka kuswali, nimejipaka mpaka kiwikoni. Ninyi mnalala na ng'ombe chumba kimoja, haya, hilo lenu. Lakini kumlewesha farasi!"

"Nilimwonea huruma, mzee."

"Huruma! Huruma inanuka hivi?"

Nilidhani atanipeleka kwa Bwana. Alisimama akikung'uta mikono, asiiguse kanzu yake.

"Nikimwambia yule atakupiga wewe, kisha atampiga farasi. Lete maji."

Tulisugua hori, tukalitoa juani. Katikati ya kazi Mektrida mwenyewe akaja na ndoo, akacheka.

"Leodegar, mlevi wako nimemletea yake ya leo. Au mzee Mikidadi naye anataka kuonja?"

"Mama, ondoa uchafu wako."

"Uchafu! Mwenzako anamaliza ndoo wala hakunji pua. Ana adabu kuliko wewe."

Mikidadi alitema mate.

Kwa siku nne Cheche alipewa majani makavu na maji tu. Kila alfajiri tulimtembeza mpaka Shirimatunda na kurudi, mzee mbele na hatamu zimelegea, mimi nyuma. Siku ya Jumatano alikuwa mkali kuliko wakati wowote, akalipiga hori tupu mateke, akamuuma mzee bega. Mikidadi hakuinua mkono. Alisubiri, damu ikilowesha kanzu, akaendelea kumweleza bei ya nazi. Alhamisi alinituma niokote mavi ya Cheche, akayanusa mwenyewe, akafumba macho kwa kinyaa, akasema pombe bado imo. Ijumaa mwanamke alikung'uta shuka kando ya njia, na Cheche akapita akitikisa masikio tu.

Jumamosi Bwana Harara alitoka na kiboko. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani barazani, tuione.

"Bwana, leo mkono mwepesi," Mikidadi alisema akimshikia farasi.

"Wewe nafundisha mimi?"

Alipanda, akavuta, akapiga. Nikashika rozari mfukoni. Cheche alirusha kichwa, akazunguka polepole, mduara mdogo kama alivyozoezwa, kisha akashika njia ya mjini.

Tulikaa kusubiri, Mikidadi juu ya jiwe, mimi mbali naye kidogo kwa sababu hakutaka nimkaribie. Jua lilipoanza kushuka tuliwaona wakirudi. Bwana alikuwa amelala shingoni mwa farasi, kofia haipo, hatamu zinaning'inia. Alikunywa huko mjini mpaka akashindwa kuvuta. Cheche alimbeba hatua kwa hatua, kama mtu abebaye mtungi. Mikidadi alipompokea Bwana mikononi ile harufu ilimpiga usoni, akageuza kichwa.

"Naona?" Bwana alisema, ulimi mzito. "Kiboko yangu. Kiboko nafundisha farasi."

"Ndiyo, Bwana."

Alimfikisha barazani, akamlaza kitini, akaitazama bunduki mahali ilipoegemea. Kisha akarudi mferejini kunawa, akasugua muda ule ule aliosugua Jumanne. Nilijaribu kumwambia asante. Alisema nisimpumulie.

Tulifanya kazi pamoja miaka mitano, na katika miaka hiyo hakupokea chakula mkononi mwangu hata mara moja. Lakini siri yangu hakumpa mtu. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa banda, amekunja mikono, akaninyooshea kidevu kuelekea hori. Nami niliingiza kichwa changu chote ndani.

"Nusa."

"Safi, mzee."

"Nusa tena."