Kabari ya Mpira

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka, lakini kwa kuwa mmenibana, nasema.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla, Mwingereza katutuma porini huku nyuma ya Mitole tukageme mpira, nami nikawa naposa kwa kina Somoe. Kwetu mjomba wa msichana ndiye mwenye kauli ya kumwoza, kwa hiyo lazima kwanza uende ukamlimie, ndugu wote wakutazame. Nikapewa jembe lake moja. Sikumaliza hata tuta la kwanza, kabari ikachomoka ikapotea majanini, jembe likawa linacheza kwenye mpini. Ningesema tu. Lakini mfukoni nilikuwa na donge la mpira mbichi, na mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua: kama mpira unavumilia gurudumu la baiskeli, utashindwaje na jembe? Nikachonga kabari, nikaipigilia. (Ikashika, tena barabara! Nikajiona fundi kuliko mafundi wote wa Lindi mjini.)

Nilichosahau ni kwamba mpira mbichi ukipigwa na jua unanuka kama mzoga. Wanawake wakaziba pua kwa kanga. Macho yote kwa mjomba, aliyekuwa akilima ubavuni kwangu.

"Baba wee, si nilikwambia zile kunde za jana?" mkewe akamnong'oneza, mnong'ono wa kusikika shamba zima.

"Wallahi si mimi!"

Nani amwamini? Mzee wa watu akaweka jembe chini, akaenda kukaa peke yake pembeni, kainamisha kichwa. Nami nikanyamaza, nikazidi kulima kwa bidii (nikijisemea, akijua nimechezea jembe lake, Somoe simpati). Nikainua juu, nikashusha kwa nguvu zote, mkononi ukabaki mpini mtupu. Jembe limeruka, limedondoka mbele ya mjomba.

Akaliokota. Akalinusa. Akaichokoa kabari kwa kisu, akaniita.

"Ulijua ni hii?"

"Shikamoo, mjomba," ndilo lililonitoka.

Hakuitikia. "Jembe si kitu, ningekupa jingine. Ila Somoe nitampa mtu ambaye siku nikinuka kweli, kwa uzee, atasema ni yeye."

Somoe akaolewa Milola. Mimi tangu siku ile, iwe msikitini, iwe msibani, harufu ikitokea tu, hata kama sijui imetoka wapi, nawahi kunyoosha mkono: ni mimi, jamani, nisameheni.