Mlolongo wa Mama Mwikali

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo bado hunirudia nikikaa kimya. Naiona kama kitu kilichotokea ndani ya ukungu, ule ukungu wetu wa Kathiani unaolala juu ya vilima mpaka karibu saa nne asubuhi. Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini, nimeishia darasa la saba, na nilikuwa na haya kupita kiasi. Nilipita nyuma ya mashamba ili nisikutane na mtu wa kunisalimia.

Jirani yetu alikuwa Mama Mwikali. Yeye ndiye aliyeongoza mwethya wetu, kile kikundi cha watu wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Alitufundisha kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, maana mvua ilikuwa imeshachukua nusu ya shamba letu na kuipeleka mtoni. Mwaka huo alisema atagombea udiwani. Hakuna mwanamke wa upande wetu aliyewahi kuuomba. Alitaka zahanati, kwa sababu akina mama walikuwa wakijifungua njiani wakipelekwa Machakos.

Tulikuwa tukibeba mawe, mimi na yeye peke yetu, nikamwambia, "Mama, siku ya kura nitasimama nyuma yako."

Akaweka jiwe lake chini. "Kweli, Mutua?"

"Kweli."

Nafikiri hayo ndiyo maneno mazito zaidi niliyokuwa nimewahi kumwambia mtu mzima.

Wakati huo, mwanangu, hatukupiga kura kwa karatasi. Watu walipanga mlolongo nyuma ya mgombea wao, hadharani, kila mtu akikuona. Tulikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mgombea mwingine alikuwa mzee mwenye kinu cha kusaga unga, na mlolongo wake ulikuwa na vijana wote wa rika langu. Wa Mama Mwikali ulikuwa na wanawake, wengine na watoto mgongoni, na wazee watatu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Leso zao zilionekana kama zinaelea tu, bila watu ndani.

Nilianza kwenda kwake. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja, naapa.

"Wee Mutua!" akaita Kioko, rafiki yangu. "Unaenda wapi? Unataka kushika leso ya mama?"

Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Mwacheni, anaenda kunyonya."

Miguu yangu ikageuka. Sikuiambia igeuke. Nilijikuta nyuma ya Kioko, naangalia shingo yake, na moto umejaa masikioni. Nilipoinua macho nikaona kitu cha ajabu katika ule mlolongo mwingine. Pale pale nyuma ya Mama Mwikali palikuwa na pengo, upana wa mtu mmoja, halafu wanawake wanaendelea. Nilidhani hawajui kujipanga.

Alishindwa. Alishindwa kwa watu wachache sana, ambao ningeweza kuwataja mmoja mmoja kwa majina, na jina langu likiwemo.

Jumatatu iliyofuata mwethya ulikuwa zamu ya kwetu. Nilimwambia mama yangu hawatakuja. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Halafu nikasikia wimbo ukipanda kilima, na majembe yakigongana, na sauti ya Mama Mwikali mbele.

"Mutua yuko wapi? Atoke ashike kamba tupime mtaro."

Nikatoka. Nikashika kamba upande mmoja, yeye upande mwingine, tukainyoosha juu ya udongo mwekundu. Sikuweza kumtazama. Nikasema, "Mama, sikujua kama mtakuja."

"Kwa nini tusije? Hili shamba halikupiga kura." Wanawake wakaangua kicheko. Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti. "Ungeniambia unaogopa ningekuelewa. Hata mimi niliogopa, nilitapika chai asubuhi hiyo. Lakini uliniambia unakuja. Nilimwambia Mama Kamene, aliyekuwa nyuma yangu, arudi hatua moja, nikakuwekea nafasi."

Akapiga jembe. Nilichimba siku hiyo mpaka viganja vikachubuka, na machozi yalikuwa yakianguka kwenye mtaro, nikijifanya ni jasho.

Kura iliyofuata nilifika uwanjani kabla ya mtu yeyote. Nikasimama nyuma yake. Walinicheka, ndiyo, na kicheko kiliniuma kweli. Halafu kikapita. Alipata udiwani, mwanamke wa kwanza kwetu. Wanasema kwenye mkutano wake wa kwanza kule mjini madiwani walimwachia birika awamiminie chai. Akawamiminia wote, akakaa, akasema, "Sasa mmekunywa. Tuongee habari ya zahanati." Na siku za mwethya alirudi kuchimba kama kawaida, matope mpaka magotini. Wewe mwenyewe ulizaliwa katika zahanati hiyo, chumba cha pili, dirisha likitazama mitaro yetu.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia binti wa fundi cherehani kwamba utamuunga mkono agombee wadi. Jioni wenzako wakamcheka pale dukani, na wewe ukatazama simu yako. Sikukasirika. Niliijua hiyo simu. Kwangu ilikuwa shingo ya Kioko.

Basi shika neno langu, mwanangu. Heshima unayompa mtu mkiwa wawili tu bado haijamfikia. Mpe mbele ya wale watakaokucheka, tena wakati anaihitaji, usingoje mpaka awe mzee apigiwe makofi. Kama huna nguvu hiyo leo, mwambie wazi kwamba unaogopa, asikuwekee nafasi bure. Na kama ulishamwangusha, nenda shambani kwake, chukua jembe, anza kuchimba.

Mungu akupe uso usioogopa macho ya watu. Akupe majirani watakaokuja kukulimia hata ukiwa umewakosea. Na siku utakapoitwa, aiongoze miguu yako ivuke uwanja wote mpaka mwisho.