Wimbo wa Msiba Dukani kwa Beatus

Shangazi yangu Balbina analima mpunga Idete, lakini watu wa huku wanamjua kwa kuimba misibani. Akifa mtu, kabla hata turubai halijafungwa, bodaboda ameshatumwa kumchukua. Nyimbo zake si za kitabuni. Anakaa chini na akina mama, anauliza marehemu alipenda chakula gani, mkewe alikuwa anamwitaje, aligombana na nani, halafu anatunga papo hapo. Niliwahi kumuuliza anajuaje ni mstari upi utawaliza watu. Akasema, "Ule ambao mimi mwenyewe naogopa kuutamka."

Miaka miwili hii sauti yake imepungua. Labda ni moshi wa jikoni, labda ni kupiga kelele kufukuza ndege shambani, sijui. Waliokaa nyuma hawamsikii, wanaanza kuongea habari za mpira. Ndiyo maana alikwenda mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, kwa Beatus muuza vyombo vya muziki, akaagiza spika mbili za kutengenezewa: maboksi ya mbao za mtiki, zenye mikanda ya kubebea, za kutumia betri, kwa sababu misiba mingine iko mashambani kusiko na umeme. Kianzio peke yake kilimaliza mpunga wote aliouza mwaka jana.

Siku hiyo nilikuwepo. Beatus alimpa maiki ajaribu. Wengine husema "halo, halo". Shangazi hakujua la kusema mbele ya kitu kile, akafumba macho akaimba wimbo alioutunga alipomzika Alphonce, mwanawe wa pekee, aliyezama mtoni akivua. Ndani yake mama anamwita mtoto kwa jina na kumuuliza kama maji ni baridi. Haukuwahi kuimbwa nje ya nyumba yake. Beatus alitulia kama yuko kanisani. Nilimpenda siku ile, kusema kweli.

Wiki tatu baadaye natoka shule na wenzangu, tunasikia singeli dukani kwake. Ina kasi hatari. Mguu wangu ulianza kucheza kabla ya akili kufika. Halafu nikasikia sauti ya Shangazi, kumbe siku ile Beatus alikuwa anamrekodi: "Alphonce, maji baridi?" Ngoma du-du-du-du. "Alphonce, Alphonce, maji baridi?" Kisha sauti ya Beatus mwenyewe: "Karibu ujipatie spika za kisasa, bei ya kutupa!" Kijana mmoja alikuwa amejimwagia kichwani maji ya kandoro, yale ya kwenye kifuko cha plastiki, anazungusha kiuno huku akijifanya anazama, na watu wanacheka mpaka wanashikana. Nikaacha kucheza. Nikaenda kukaa ukingoni mwa mtaro.

Sikutaka kumwambia Shangazi. Nikamwambia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa dukani. Hakupiga kelele.

"Beatus, ile oda naivunja."

"Aaa, Mama Alphonce! Haivunjiki hiyo. Mbao nimekata, vifaa vya ndani nimeagiza Dar. Spika za kupanda bodaboda nitamuuzia nani mwingine?"

Alikuwa anakula samaki wa kukaanga. Kwa vidole hivyohivyo vya mafuta akabonyeza kompyuta, akapunguza wimbo. Akapunguza tu, hakuzima.

"Zima."

"Mama, wewe hujui tu, umeshakuwa staa! Vijana wanakuja wenyewe niwawekee kwenye flashi."

"Unawauzia?"

"Mia tano tu, jamani."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye wali.

"Unaniita Mama Alphonce," akasema, "huku unamcheza."

Beatus akafuta vidole kwenye kalenda ya ukutani. "Basi tufanye hivi. Malizia hela, chukua spika zako, nami nafuta kila kitu. Ukivunja oda, kianzio kinabaki na wimbo unabaki. Nimeutolea jasho, ujue."

Spika zilikuwa pale kwenye kona. Zilikuwa nzuri, jamani. Mtiki umepigwa msasa hadi unateleza, mikanda iko palepale alipotaka. Shangazi aliigusa moja kwa kiganja, polepole. Halafu akaiburuta mpaka mlangoni, akaikalia.

"Kianzio kula. Wimbo futa. Na kila uliyemuuzia mpigie simu alete flashi yake hapa. Mimi sitoki."

"Mama, unaziba wateja."

"Naziba."

Mteja wa kwanza alikuja kununua waya. Akauliza kuna nini, Shangazi akamsimulia taratibu, tangu mwanzo. Akaondoka bila waya. Wa pili naye hivyohivyo. Wa tatu, mzee mmoja kutoka Mahenge, alisikiliza mpaka mwisho kisha akamgeukia Beatus: "Wewe, mama yako yu hai?" Saa tano Beatus akashika simu.

Wanne walikuja kabla ya adhuhuri. Wa tano, bodaboda anayeitwa Telesphory, alikuwa amepeleka abiria Lupiro, tukamngoja hadi saa tisa. Alipoambiwa, akavua helmeti.

"Nisamehe, mama. Nilidhani Alphonce ni mwanaume aliyemkimbia mpenzi wake."

Akatoa flashi nzima, na nyimbo zake nyingine zote humo. Beatus alifuta kwenye kompyuta huku nikimsimamia, maana kompyuta naijua. Nikamwambia aonyeshe na simu. Zilikuwemo nakala mbili zaidi.

"Duh, hizo nilisahau," akasema, bila hata kugeuza macho. Akazifuta, akachana karatasi ya oda, akanyoosha mkono. "Biashara tu, mama. Tusiwekeane kinyongo, eti."

Mkono ulikuwa unanuka samaki. Shangazi aliuacha hewani.

Msiba uliofuata ulikuwa hapohapo Idete. Aliimba kwa sauti yake ileile ndogo, na wa nyuma walijadili mpira. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kama ule wa Alphonce ataweza kuuimba tena, hata akiwa peke yake.

"Niliujaribu jana nikipepeta mchele," akasema. "Ile ngoma ya Beatus ikaingia chini yake, du-du-du-du."

Akatema mate kwenye majani, akapangusa mdomo, tukaendelea kutembea.