Mizani ya Shangazi Sarla

Shangazi yangu Sarla hakuvumilia kuambiwa kwamba jambo limekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. "Nani alipima?" aliuliza, hata mbele ya wageni.

Mwaka 1953, akiwa msichana dukani kwa baba yake, yaani babu yangu, hapa Arusha, alisoma gazetini kuwa wapo wataalamu wanaoshuku kwamba nguvu ya dunia ya kuvuta vitu inapungua kadiri ulimwengu unavyozeeka. Babu alikuwa akiipaka mizani ya duka rangi nyekundu na kuiombea, kama tufanyavyo sisi Wahindu kila sikukuu ya Diwali. Sarla alipomweleza habari hiyo, akamwambia aache upuuzi: ratili ya sukari bado ililingana na jiwe la ratili.

"Baba, nguvu ikipungua, sukari na jiwe vitapungua uzito pamoja. Mizani ya sahani mbili haitakuambia kitu."

Mkaguzi wa mizani wa serikali, Mwingereza, alipokuja dukani naye alimcheka. Mawe yake yalikuwa yamepimwa Uingereza.

"Yamepimwa kwa mawe mengine tu," Sarla akamjibu.

Akatundika ukutani mizani ya springi, isiyohitaji jiwe la kulinganisha, akaning'iniza kipande cha mwamba wa Mlima Meru. Kila Diwali, sala ikiisha, aliisoma. Bendera ya Waingereza ilishushwa, mshale ukabaki palepale. Watu wakamcheka kwamba miaka yote hiyo hakupata kitu.

"Mimi nimepima kwa nilichokuwa nacho," aliwaambia. "Nyinyi mmeamini tu."