Ramadhani ya Fadhila kwenye mlango wa kasho

Saa sita mchana jua limesimama wima juu ya bati la kituo cha polisi, pale Ngagara inapopakana na eneo la viwanda. Fadhila anashusha sufuria mbili kwenye kivuli chembamba cha ukuta, anafunua kifuniko cha kwanza, na mvuke wa maharage na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, unampiga usoni. Anageuza uso pembeni. Ni mwezi wa Ramadhani, na tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.

Askari Elysée, mwenye funguo za kasho, yaani chumba cha mahabusu, anampokea kijiko.

"Lete, Mama Karimu. Leo umetia chumvi, ao umesahau tena kama jana?"

"Jana sikusahau. We umezoea chumvi ya mke wako, atakuua yule."

Elysée anacheka, anachota, anapuliza. Ndivyo wanavyofanya kila Ramadhani. Kanuni ya kituo ni kwamba anayeleta chakula lazima akionje mbele ya askari kabla hakijapita mlangoni, na askari aone koo likishuka, ili ijulikane hakuna sumu. Miezi mingine Fadhila huonja mwenyewe. Mwezi wa funga, Elysée humwonjea. Ni mapatano ya watu wawili wanaojuana, hayajamdhuru mtu.

Kijiko hakijafika mdomoni, sauti inatoka kwenye dirisha la ofisi.

"Elysée! Hicho chakula umekipika we?"

Ni mkuu mpya wa kituo, aliyehamishiwa hapo wiki hiyo hiyo kutoka mkoani. Elysée anashusha kijiko, mchuzi unamdondokea kwenye kiatu. Mkuu anatoka nje bila kofia, anatazama sufuria, kisha anamtazama Fadhila.

"Aliyeleta ndiye anaonja."

"Komanda, huyu mama iko kwa mfungo," Elysée anasema. "Ni Ramadhani."

"Ramadhani naijua. Lakini kule nilikotoka mutu aliugua kwa chakula kilicholetwa, na askari wa zamu akaingia kasho yeye mwenyewe. Mi sitaki kukufunga, Elysée. Mama aonje, chakula kiingie. Asipoonja, kirudi."

Anasema bila ukali, na hilo ndilo linalomtisha Fadhila zaidi. Mtu mkali huweza kutulia baadaye. Huyu ametulia tayari.

Nyuma ya mlango wa chuma wenye matundu madogo, watu waliokuwa wakizungumza wanasogea kusikiliza.

Katika vituo vya polisi vya jiji hili, kama ilivyo mahali pengi, mahabusu hula kinacholetwa na jamaa zake. Wenyeji huita kazi hiyo kugemula, neno la Kirundi kwa kupeleka chakula kwa aliyefungwa au mgonjwa wa hospitali. Mwenye mama, mke au dada hugemuliwa. Asiye na mtu husubiri huruma ya aliyegemuliwa, na huruma ya mtu mwenye njaa haiwezi kuwa kubwa.

Fadhila, mjane wa miaka hamsini na mitatu, ndiye jamaa wa wasio na jamaa. Ni mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, binti wa fundi cherehani. Alianza kuja hapa alipokamatwa mume wake, marehemu Massoudi, dereva wa lori, kwa ajali ambayo baadaye ilionekana si kosa lake.

"Nilikuja na chakula cha mutu mumoja," anakumbuka. "Massoudi akala nusu, nusu akawapa wenzake. Kesho yake akaniambia, ongeza kidogo. Kesho kutwa, ongeza tena. Alipotoka, akauliza, sasa wale nani atawagemulia? Nikamwambia, we si umetoka? Asubuhi nikajikuta naloweka maharage mengi kuliko ya nyumbani."

Massoudi alifariki kwa maradhi miaka sita iliyopita. Maharage yanaendelea kulowekwa.

Kikundi cha akina mama wa mtaani humpa maharage na unga. Makaa na mafuta ni juu yake, na huyapata kwa sambusa anazouza, ambazo siku njema humwingizia faranga elfu kumi. Jirani yake Geneviève, Mkongomani kutoka Uvira, humenya mihogo na kumsaidia kubeba sufuria. Siku ambazo petroli hakuna, na ni nyingi, wanawake hao wawili hutembea kwa miguu kutoka Buyenzi, sufuria kichwani. Geneviève huishia getini. Kibali cha kuingia kina jina moja tu, na kupata kingine huchukua majuma.

Kazi yenyewe haiishi kwenye sufuria. Fadhila huchukua nguo zilizochafuka na kuzirudisha zimepigwa pasi, kwa sababu, anasema, mtu akipelekwa mbele ya mwendesha mashtaka akiwa amekunjamana, ameshaanza vibaya. Huleta sabuni. Mahabusu humnong'oneza namba ya simu ya nyumbani, naye huikariri njia nzima kama mtoto wa madrasa. Kuna mama mmoja wa Kamenge aliyekuwa amemtafuta mwanawe katika vyumba vya maiti. Fadhila alikwenda kumgongea mlango na kumwambia yu hai, anaomba sweta.

Mwanawe Karimu, fundi magari kwenye gereji ya eneo la viwanda, humtania.

"Mama, mi nashinda chini ya gari, mchana nakula mukate mukavu. Watu wako wanakula sombe na ndagala. Niibe nini ili na mimi unigemulie?"

"Iba mke," Fadhila humjibu. "Umri unakwenda."

Siku hiyo mbele ya mkuu mpya, hakukuwa na utani. Fadhila alijua dini yake. Mwenye haja anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Lakini kanuni ya kituo ilitaka koo lishuke. Akimeza, funga yake imevunjika. Asipomeza, chakula kinarudi Buyenzi, na ndani ya kasho yumo Moïse, kibarua wa bohari mwenye vidonda vya tumbo, ambaye usiku uliopita wenzake walimsikia akiguna hadi asubuhi.

Akanyoosha mkono. Elysée akampa kijiko bila kumtazama usoni.

"Nilisema moyoni, siku moja nitailipa," anaeleza. "Mungu anajua njaa ni nini. Lakini tangu nivunje ungo sijawahi kula mchana wa Ramadhani bila udhuru. Hata nilipomzika Massoudi nilifunga."

Alichota. Kijiko kilipofika kwenye midomo, sauti ikatoka kwenye matundu ya mlango.

"Maman, apana. Rudisha."

Alikuwa Birindwa, mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, aliyekamatwa kwa kukosa karatasi za ukaazi. Fadhila alikuwa amemwona siku mbili tu.

"Baba, mutakula nini?" akauliza.

"Utafungua saa ngapi, we?"

"Magharibi. Saa kumi na mbili."

"Basi njoo na chakula saa ile. Ukionja, unafungua, na sisi tunakula. Tutangoja."

"Na Moïse je? Tumbo lake?"

Ikatoka sauti nyingine, nyembamba, ya mtu aliyelala sakafuni.

"Moïse anasikia, mama. Moïse iko mumoja wao. Sahani ya kwanza tu iwe yangu."

Mtu mmoja ndani akacheka, mwingine akamwambia Moïse kuwa hata akifa ataomba kuzikwa wa kwanza. Elysée aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta ufunguo alioushika mkononi. Mkuu wa kituo alisimama kidogo na kichwa chake kitupu juani, akarudi ofisini bila kusema ndiyo wala hapana. Kanuni haikutaja saa.

Fadhila akafunika sufuria. Getini, Geneviève alipoziona zimerudi zimejaa alishika kichwa.

"Wamekufukuza?"

"Wamekubali kufunga na mimi," Fadhila akamjibu, na hapo ndipo alipolia.

Jioni ile alirudi kabla ya magharibi. Kwenye kituo kile adhana haisikiki vizuri. Kuna mashine za viwanda upande mmoja na daladala zinazoita abiria upande mwingine, na Fadhila hana saa. Alikaa kwenye kivuli na kijiko chake mapajani. Akagundua kwamba chumba kizima kimenyamaza. Watu waliokuwa hawajala tangu jana, wengi wao Wakristo, walikuwa wamesogea kwenye kidirisha cha nyuma wakitega masikio kwa ajili yake.

"Tayari, maman," Birindwa akasema. "Mwadhini anaita."

Fadhila akasema bismillahi, akachota, akameza. Elysée akaona koo likishuka. Mlango ukafunguliwa kiasi cha sufuria kupita, na sahani ya kwanza ikaenda kwa Moïse.

Kama ingekuwa ya siku moja, ingebaki hadithi nzuri ya siku moja. Lakini kasho si nyumba. Watu huingia na kutoka. Birindwa aliachiwa karatasi zake zilipopatikana. Moïse alihamishiwa kwingine, na Fadhila alimfungia ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye jani la ndizi. Waliokuwa ndani siku ile ya kwanza wakaisha wote, mmoja mmoja. Wakaja wengine: mwendesha bajaji aliyegonga mtu, kaka wawili waliopigania kiwanja, mlevi aliyemtukana diwani.

Fadhila aliogopa. Hawa hawakuahidi kitu. Jioni ya kwanza aliyokuta hakuna hata uso mmoja anaoujua, alijiandaa kwa matusi.

Alikuta kimya kile kile.

Elysée anaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza kanisani. "Mi niko na funguo, kwa hiyo nasikia. Mutu mupya akiingia, akiuliza chakula kiko wapi, wenzake wanamwambia: hapa tunangoja mama afuturu. Hakuna aliyewaambia waseme hivyo. Yule aliyeambiwa jana anamwambia wa leo. Kuna mumoja alikuja mkali sana, akapiga mlango mateke, anataka kula mchana. Sikumwambia kitu. Jioni nikamsikia yeye ndiye anawanyamazisha wengine: shh, nyamazeni, hamusikii anaita?"

Anatikisa kichwa. "Miaka kumi na moja niko hapa. Nilifikiri hii chumba naijua."

Waliogemuliwa na jamaa zao mchana nao walianza kuacha sehemu ya chakula hadi jioni, ili wale pamoja na wengine. Mmoja wa wale kaka wawili, ambao hawakuwa wakisemezana, alianza kumshikia mwenzake sahani.

Fadhila mwenyewe hupata shida kulieleza. Hutafuta neno, huliacha, hufunga vizuri mtandio wake.

"Mimi nilidhani ndiye ninawapa," anasema. "Kumbe."

Mkuu wa kituo alikuwa akiyaona yote kutoka dirishani. Jioni moja, siku mbili kabla ya Idi, anatoka nje Fadhila akiwa bado hajafunua sufuria. Safari hii amevaa kofia. Anachuchumaa karibu naye, jambo ambalo Elysée hajawahi kuona mkuu akilifanya.

"Mama Karimu," anaanza. Ni mara ya kwanza anamwita hivyo. "Nimekutazama mwezi mzima. Hii mambo ya kuonja, nimekusamehe. Hata baada ya Idi. We utakuwa unapita tu. Elysée ataandika kwamba nimeruhusu."

Elysée anatabasamu. Getini, Geneviève, aliyesikia, anapiga kofi moja la furaha na kujiziba mdomo. Hiki ndicho kila mtu alidhani Fadhila anakitaka.

Fadhila anashukuru. Anainamisha macho kwenye kijiko. Ni mwanamke asiyeomba. Miaka yote hii mbele ya wakuu amesema "ndiyo" na "asante" tu, ili asifungiwe geti. Akikosea leo, huenda kesho sufuria zikarudi zimejaa, na safari hii hakuna magharibi ya kuzikomboa. Anakigeuza kijiko mkononi.

"Sema, mama," mkuu anamwambia.

"Komanda, kuonja hakujanishinda," anasema, na sauti yake inaanza ndogo. "Kinachonishinda ni hawa. Miaka yote, nikimeza hapa, wao wanatazama kwenye matundu, na wao wanameza mate. Nawasikia. Kila siku namaliza kijiko changu mbele ya mutu mwenye njaa, halafu naenda nyumbani. Kwa hiyo usinisamehe. Nifungulie huu mlango. Siku ya Idi nitapika pilau. Watoke hapa nje, wanawe mikono, wakae kwenye mukeka, na baada ya Idi iwe hivyo kila saa ya chakula. Elysée akae na bunduki yake pale, mi sikatai. Na mi nitaonja wa kwanza, kama kanuni inavyosema. Lakini wa pili akae karibu yangu."