Foleni ya Maharage

Katika nyumba ile hakuna kilicholiwa kikiwa kipya. Msidhani ni umaskini. Umaskini hula kilichopatikana, tena siku ile ile. Nyumba ile ilikula kwa kanuni.

Mwenye kanuni alikuwa mtunza stoo mstaafu wa shule ya bweni. Kwa miaka ishirini na saba alipokea magunia, akayapanga, akayatoa, na siku yake ya kwanza kazini alifundishwa sentensi moja aliyoishika kuliko sala: kilichotangulia kuingia ndicho kitakachotangulia kutoka. Shuleni ilikuwa busara. Wanafunzi mia sita humaliza gunia kabla panya hajapata habari zake. Alipostaafu akaibeba kanuni ile hadi nyumbani, kwenye midomo miwili tu, na huko ikaanza kufanya kazi ambayo aliyeitunga hakuwahi kuikusudia.

Alinunua kila kitu kikiwa bei ya kutupa: maharage wakati wa mavuno, unga wa duka linalohama, makopo yaliyobonyea, vitunguu saa kumi na mbili jioni wachuuzi wakikunja maturubai. Kilichoingia kilipangwa nyuma. Kilicholiwa kilitoka mbele. Na kwa kuwa hakuacha kununua, safu haikufupika, ilisogea tu. Kufikia mwaka wa nane wa kustaafu kwake, yeye na mkewe walikuwa wakila maharage ya mwaka juzi, huku ya mwaka huu yakikaa nyuma kwa adabu, yakingoja zamu yao ya kuwa mabaya. Mtaa ukampa jina la Foleni, naye hakulikataa.

Stoo ilikuwa chumba cha zamani cha binti yao wa pekee. Kitanda chake kilibaki, kikiwa kimelaliwa na mchele. Kila ndoo ilikuwa na tarehe juu ya mfuniko, kwa mwandiko wa mkewe, kwa chaki ya kukatia nguo, maana mkewe alikuwa fundi cherehani na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mumewe.

"Akiba haiozi," Foleni alipenda kusema. Methali hiyo bila shaka ilitungwa na mtu ambaye hakuwahi kuhifadhi viazi.

"Mimi ni mwanamke wa ajabu," mkewe alimwambia msusi wa nyumba ya pili. "Naishi mwaka huu, nakula mwaka juzi."

"Afadhali wewe mwenzangu una cha kuzeesha," msusi akajibu. "Kwangu unga hauoni jioni."

Hata bustani iliingia kwenye utaratibu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mchicha ndani ya viroba, nyanya ndani ya matairi, na matuta manne ya maharage. Nyanya iliyopasuka ndiyo iliyoliwa kwanza, isije ikaharibika. Na zilipokwisha zilizopasuka, zile nzima nazo zilikuwa zimeshapasuka. Mara moja moja mkewe alijificha nyuma ya tangi la maji akala nyanya moja nzima, nyekundu, kisha akajifuta mdomo na kurudi ndani kwa hatua za mwizi.

Haikuwa uchoyo. Mwaka ule wa uhaba, maduka yalipobaki rafu na kaunta, mkewe alikuwa na mimba ya binti yao na alitamani maharage. Foleni, ambaye wakati huo aliitwa kwa jina lake, alipanga mstari tangu alfajiri. Dirisha la duka lilifungwa wakiwa wamebaki watu wanne mbele yake. Akarudi na mfuko mtupu, mkewe akachemsha maji, akatia chumvi, wakanywa wakitazamana. Tangu siku ile aliapa kwamba hatakosa tena. Kiapo alikitimiza. Ni kwamba tu hakuna aliyemwambia kuwa kuna njia zaidi ya moja ya kukosa.

Ugonjwa ulimwanzia mkewe tumboni. Cherehani ikafunikwa kitambaa. Baada ya miezi mitano ya kwenda na kurudi hospitali, daktari aliacha kuandika vipimo, na maneno yake yakawa ya upole, jambo ambalo kwa madaktari si dalili nzuri. "Mrudisheni nyumbani," alisema. "Ale anachotaka."

Binti, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa mbali, akaomba ruhusa akaja. Siku ya kwanza akakaa kando ya kitanda cha mama yake.

"Mama, unataka kula nini?"

Mama alifikiri muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa anataka kusafiri wapi.

"Maharage mabichi," akasema. "Ya kumenywa leo, yachemshwe leo. Chumvi tu."

"Yapo," Foleni akasema kutoka mlangoni, na uso wake ulikunjuka kwa fahari. "Yako bustanini, yamebeba vizuri sana. Yanakaribia."

"Yanakaribia nini, mzee?" mkewe akauliza.

"Kukauka."

Mkewe akacheka, kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, binti akamshika mgongo.

"Baba, yachume leo."

"Yatachumwa. Mbele zimebaki ndoo mbili za zamani, maana misimu hii miwili bei haikushuka. Wiki tano tu."

"Daktari amesema ale anachotaka."

"Nani amesema hatakula? Nimesema wiki tano."

"Mwache baba yako," mama akasema. "Mzee, kwenye foleni hii mimi niko nyuma ya nani?"

"Nyuma ya ndoo ya pili," Foleni akajibu, maana aliulizwa swali la stoo, na maswali ya stoo aliyajua.

Binti alidhani ni ukaidi. Haukuwa ukaidi wote. Mtu akisema baada ya wiki tano, anakuwa amesema pia kwamba wiki tano zipo. Kuchuma maganda yale siku ile kungekuwa kukubaliana na upole wa daktari, na Foleni hakuwa tayari kukubaliana nao. Alizipanga wiki tano mbele ya mkewe kama alivyopanga ndoo, akiamini kwamba kilichopangwa hakina ruhusa ya kuruka zamu.

Basi wanawake wakafanya njama. Kama foleni haivunjiki, italiwa. Binti alipika maharage ya zamani asubuhi, mchana na jioni. Maharage ya umri ule hukaa jikoni saa nne nzima na bado hutoka yakiwa na msimamo wao. Mkaa uliokwisha ungetosha kununulia mapya, lakini hilo halikuwa na ndoo, kwa hiyo halikuhesabiwa. Msusi alikuja na bakuli lake kila siku.

"Lete nikusaidie mzigo," alimwambia mgonjwa. "Meno ni yangu, tumbo ni langu, lakini safari ni yako."

Hata mgonjwa mwenyewe alijilazimisha vijiko viwili, akivitafuna kwa macho yaliyofumbwa. Siku ya kumi ndoo ya kwanza ikaonyesha kitako. Binti akaipeleka chumbani na kuigonga kama ngoma.

"Mama, umesogea."

"Nasikia," mama akasema.

Foleni naye alifurahi. Alidhani hamu ya kula imerudi katika nyumba, na mtunza stoo akiona hamu ya kula hujua kazi yake. Kesho yake asubuhi alitoka, na saa sita mkokoteni ukasimama mlangoni ukiwa na gunia zima. Duka moja la jumla lilikuwa linafungwa, likiuza maharage kwa nusu ya bei. Alilisimulia gunia lile tangu mlangoni hadi chumbani: safi, yamepetwa, hayana jiwe hata moja.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu:

"Hilo linakaa mbele yangu au nyuma yangu?"

Foleni angeweza kusema uongo, lakini katika mambo ya stoo hakuwahi kujifunza.

"Yako bado yako shambani," akasema. "Hayajaingia. Hili limeshaingia."

Binti akaweka chini bakuli alilolishika. Hakufoka, hakulia. Alikwenda jikoni, akamwaga chungu cha maharage yaliyokuwa yakichemka tangu asubuhi, akazima jiko. Mkewe Foleni akageukia ukutani.

"Usihangaike, mzee," alisema huko huko ukutani. "Sina haraka."

Tangu saa ile hakula. Uji ulirudi kama ulivyokwenda. Siku ya tatu Foleni alibeba sahani iliyojaa kutoka chumbani, akasimama nayo ukumbini kwa muda, kisha akaiweka mezani, akachukua beseni, akaenda bustanini.

Alianza tuta la kwanza. Majani yalikuwa ya njano. Aligusa ganda, likalia chakacha. Aligusa jingine. Alikuwa ameacha kumwagilia wiki mbili zilizopita kwa makusudi, ili yakauke sawasawa, yasije yakaota ukungu ndani ya ndoo. Yalikuwa yamekauka sawasawa. Aligeuza shina moja moja, matuta yote manne, akitafuta ganda moja la kijani. Kazi aliifanya vizuri mno, halikuwepo. Msusi alimwona kupitia upenyo wa uzio akiwa amepiga magoti, beseni tupu pembeni.

Akaenda sokoni, saa nne asubuhi, wakati wa bei kamili. Muuza mboga aliyemzoea kwa mabishano ya jioni akashangaa.

"Mzee, leo umeamkaje? Au saa yako imesimama?"

"Maharage mabichi."

"Msimu umekwisha, mzee wangu. Nina fungu hili moja, limenyauka kidogo." Akataja bei, bei aliyoitaja ili ipunguzwe, maana ndivyo walivyozoeana.

Foleni akatoa pesa, akalipa.

Muuza mboga akazitazama pesa, akamtazama na yeye.

"Mzee, nyumbani kwema?"

"Kwema," Foleni akasema, akaondoka bila kungoja kuongezewa.

Alimenya mwenyewe, akapika mwenyewe, binti akimtazama kutoka mlangoni. Alivuta kigoda akajiandaa kwa saa nne. Baada ya dakika arobaini akafunua, akabonyeza moja kwa kijiko, likabonyea. Alikuwa amesahau kwamba maharage huiva.

Mkewe aliinuliwa kwa mito. Alikula matatu, moja moja.

"Yakoje?" Foleni akauliza.

"Laini," akasema. Akapumzika. "Ladha siisikii, dawa zimeniharibu ulimi. Lakini ni laini, mzee. Asante."

Akarudishwa chini. Kwenye bakuli yalibaki mengine yote, na Foleni, kwa mkono uliofanya kazi bila yeye, akatafuta mfuniko.

Mkewe alifariki Ijumaa ya wiki ile, mchana, cherehani ikiwa bado imefunikwa.

Watu wakaja. Tangu mwaka ule wa uhaba Foleni alikuwa akijiandaa kwa siku ambayo nyumba ingehitaji kila kitu kwa mara moja, na siku hiyo sasa ilikuwa imefika, nyumba ikiwa tayari kabisa. Msusi alishika uongozi wa jikoni. Alifungua stoo, akatia mkono katika ndoo ya mbele, akautoa ukiwa na fukusi wanaotembea, akaisukuma kando kwa mguu. Akalifungua gunia la mkokoteni. Mchele uliolala kitandani ukaamshwa. Lilipokwisha gunia, akina mama waliingia bustanini, wakang'oa matuta yote manne, wakayapiga kwa fimbo juu ya turubai, wakayapeta, wakayabandika jikoni. Yalikuwa maharage pekee katika nyumba ile yaliyotoka shambani hadi chunguni bila kupitia stoo. Yaliiva upesi. Watu walikula wakarudia.

"Matamu haya," mzee mmoja alimwambia mwenzake, bila kujua Foleni yuko nyuma yao. "Marehemu alikuwa akilishwa vizuri, Mungu amrehemu."

Wakageuka wakamwona, wakaona aibu ya kuongelea chakula.

"Tulikuwa na akiba," Foleni akawaambia.

Siku ya nne kila mtu akarudi kwake. Binti alifunga begi lake mlangoni mwa chumba ambacho kiliwahi kuwa chake, na sasa kilikuwa tena kitanda na kuta tu.

"Baba, twende ukakae kwangu."

"Bado kuna kitu stoo."

Binti akatazama. Ilikuwa ile ndoo ya pili, imesukumwa hadi pembeni, tarehe ya mwaka juzi juu ya mfuniko kwa mwandiko wa mama yake.

"Kitupe," akasema.

"Nikimaliza hiyo nitakuja."

"Nani atakupikia?"

"Naweza."

Alimsindikiza hadi barabarani, akarudi. Akaketi kwenye kigoda, akaifungua ndoo kwa uangalifu asiguse chaki, akaanza kuchambua na kutoa fukusi. Kwa watu wawili ndoo ile ilikuwa ya wiki mbili na nusu. Kwa mtu mmoja ilikuwa ya wiki tano. Alihesabu tena, akapata vile vile, wiki tano kamili.

Akawasha jiko. Mkono wake, kwa mazoea, ukapima vikombe viwili. Alikaa saa nne, akala alichoweza, na yaliyobaki akayafunika. Kesho yake, kama kanuni inavyotaka, alianza na kiporo.